Maji Moto kwenye Minazi ya Mama

Bodo,
5 Februari 2024

Swabir,

Assalaam alaykum. Salamu ni haki ya kila Muislamu, hata wewe, kwa hiyo nimeitoa na nimemaliza.

Usidhani nimekukumbuka. Siku ya khitma ya mama, uliposimama juu ya mkeka ukanikaripia mbele ya watu kwa ajili ya minazi, niliapa kwa jina la Mungu kwamba sitaisikia sauti yako tena. Kiapo changu kipo. Namba yako nimeifungia, na ukipiga kwa jirani mimi naondoka. Lakini sikuapa kutokuandikia, na karatasi ina uzuri wake, haiwezi kunikatiza. Barua hii anakuletea Waziri, ambaye gari lake la samaki wakavu hupita hapo kwenu Mackinnon Road kila wiki. Majibu, kama unayo, mpe yeye.

Leo asubuhi amekuja mtu anayeitwa Musau, pampu ya dawa mgongoni, mwenye adabu kuliko aliyemtuma. Akasema ametumwa na bwana Swabir kuipulizia dawa minazi yake. Nikamwonyesha, kwa kuwa mirathi ni mirathi: yenye alama mbili za panga ni yako, yenye alama moja ni yangu. Nilidhani amekuja kuua wale chonga, wadudu wenye pembe wanaotoboa kilele. Nikarudi jikoni kukuna nazi. Nilipotoka, maji moto wa mama walikuwa wamemwagika chini ya minazi yako kama pumba.

Maji moto, Swabir! Wale chungu wekundu wanaoshona majani yakawa nyumba, ambao wakikung'ata ngozi inawaka kama umemwagiwa chai. Mama aliishi nao juu ya mlimau na minazi miaka yote, na mtoto aliyewachokoza alichapwa. Alikuwa akisema hao ndio askari wake.

Na sababu naijua. Ulipanda mnazi ili wakwe zako waone kuwa hujasahau kwenu, ukang'atwa mahali ambapo barua ya heshima haipataji, ukashuka wewe na kikoi kikabaki juu. Wakwe walicheka. Basi chungu wamelipishwa kicheko cha wakwe. Ndivyo ulivyo tangu utoto, ukijikwaa unalipiga jiwe.

Dada yako kwa damu tu,
Esha


Mackinnon Road,
14 Februari 2024

Kwa dada yangu Esha,

Shikamoo. Mimi salamu zangu natoa kamili, sipimi kwa kibaba.

Barua yako nimeisoma dukani, nimekaa juu ya tairi la lori, na dereva aliyekuwa akingoja ameniuliza nani amekufa. Nikamwambia chungu.

Dada, nyinyi mliobaki Bodo mna maradhi mamoja. Kila kilichokuwapo enzi za wazee kwenu ni kitakatifu, hata kupe. Dunia inakwenda, nyinyi mmekaa kibarazani mnangoja nazi ianguke yenyewe. Mimi nimemwuliza mtu wa duka la agroveti hapa, mtu aliyesoma, nikamweleza nilichokiona. Hakufikiri hata kidogo. Alinipa dawa.

Maana niliona kwa macho yangu nilipopanda (na kikoi hakikubaki juu, kilikwama, kisha nikakitoa). Wale chungu wamejazana kwenye vidaka, vinazi vyenyewe havijafika ukubwa wa ngumi. Mdudu anayejazana kwenye tunda changa anafanya nini hapo, anavuta uradi? Ukimkuta mtu amezama chunguni mwako, anakula.

Mama, Mungu amrehemu, aliwaita askari kwa sababu hakuwa na pampu. Mimi ninayo. Ile minazi alinipa nikiwa mtoto, akanipandisha yeye mwenyewe mabegani kuugusa wa kwanza, na sitaki iliwe mbele ya macho yangu eti kwa heshima. Mwakani tutazame ya nani imebeba.

Mdogo wako,
Swabir


Bodo,
30 Aprili 2024

Swabir,

Wa alaykum salaam. Idi imepita na sikukutumia mkono wa Idi. Zawadi yako imo kwenye gunia alilokushushia Waziri. Fungua.

Hivyo ni vidaka vya minazi yako. Vilianza kuanguka kabla ya mfungo kwisha, na sasa vinaanguka usiku kucha, nalala navisikia. Chukua kimoja. Kitazame pale chini ya kikonyo. Unaona kovu na utomvu uliokauka kama chozi? Mchukulie yule msomi wako wa agroveti, mwambie akuonyeshe hapo meno ya chungu.

Hatayaona, kwa kuwa si chungu. Kuna mdudu mwembamba wa rangi ya kahawia, miguu mirefu, mdomo kama sindano, anaruka ukimkaribia. Huyo hutua kwenye kidaka, akakidunga, akanyonya. Kidaka kinalia utomvu, siku zikipita kinaanguka. Mama alituonyesha sote wawili, amemkamata kwa vidole viwili. Mimi nilitazama. Wewe ulilala.

Na anayemla mdudu huyo ni maji moto. Wale uliowaona wamejazana kwenye vidaka walikuwa kazini. Askari akisimama mlangoni humwiti mwizi kwa sababu amekaribia mlango. Lakini wewe ukaona mdudu, ukasema mdudu ni mdudu, ukatuma sumu. Hukuuliza huyu ni nani na anakula nini. Hata paka wa Bodo hunusa kwanza.

Minazi yangu haina neno, alhamdulillah. Vidaka vimeshika, vingine vimekuwa vitale. Ya kwako sitaki hata kuitazama. Si kazi yangu. Na ikauke.

Esha


Mackinnon Road,
21 Mei 2024

Dada Esha,

Shikamoo.

Gunia nimelipokea, na maneno yako nimeyapokea. Nikakaa nikafikiri. Minazi ni mama mmoja, udongo mmoja, mvua moja. Yangu inapukutika, yako imebeba. Nikajiambia labda dada anasema kweli, labda ni chungu.

Kisha Kibwana akanipigia simu.

Kibwana unamjua, nyumba yake imepakana na ua wetu, na ndiye rafiki yangu pekee hapo anayenieleza mambo bila kunitukana. Anasema amekuona si siku moja. Alfajiri, watu wakitoka msikitini, wewe unazunguka chini ya minazi YANGU na gunia. Anasema umefunga kamba kutoka mti hadi mti, juu juu, kamba isiyoanikwa nguo. Anasema unazungumza peke yako. Na mchana alipopita akakuta vichwa vya samaki vimepangwa kwenye shina la kila mnazi wenye alama mbili. Wenye alama moja hauna.

Sasa nieleze. Mtu ambaye hataki hata kuitazama minazi yangu anaitafutia nini na vichwa vya samaki? Neno lenyewe sitaliandika, maana mama yangu ndiye mama yako. Lakini wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nimeanza kujipapasa nguo.

Nieleze kabla sijawauliza wengine.

Swabir


Bodo,
28 Mei 2024

Swabir,

Nimesoma.

Sikuelezi kitu. Mtu aliyenyonya ziwa moja nami, akanila vibanzi vyangu vya nazi na kuchekeshwa na mimi alipokuwa na surua, akiwa anahitaji kuelezwa mimi ni mtu gani, basi maelezo hayatamfaa. Waulize wengine. Kibwana yupo, tena hana kazi.

Kamba ni zangu na vichwa vya samaki nimenunua mwenyewe.

Esha


Bodo,
22 Juni 2024

Swabir,

Assalaam alaykum.

Kibwana hakukungoja uamue. Maneno uliyoogopa kuyaandika yeye ameyasema, kwanza gatini, halafu dukani, na sasa yanasemwa na watoto. Twaiba, aliyekuwa akichukua vitumbua vyangu kila asubuhi tangu mama yu hai, jana amepita na leso puani. Sufuria nzima nimekula mimi na kuku. Juzi wametupa mawe juu ya bati.

Wazee wameniita Ijumaa hii, tarehe 28, msikitini, baada ya sala. Wanasema ni kunisikiliza tu. Unajua mzee yule wa kijiji cha ng'ambo naye aliitwa kusikilizwa tu, na alipofika nyumbani hakukuta nyumba. Nikishindwa kuaminika nitatoka Bodo, maana kukaa hapa na jina hilo ni kungoja kiberiti. Nimezaliwa katika nyumba hii, nimemuuguza mama katika nyumba hii, na sijui kulala kwingine.

Naogopa. Nimeliandika, na ukilicheka ucheke huko huko Mackinnon Road.

Nakuandikia kwa mambo mawili. Ufunguo utakuwa kwa mke wa imamu. Na mlimau ulio karibu na jiko usikatwe, hata kama una maji moto, hata kama wamekung'ata, hata kama msomi wako amekushauri. Ndio uliobaki na nyumba nyingi.

Usije. Ukija utasema, na mimi nimeapa.

Esha


Mackinnon Road,
1 Julai 2024

Dada Esha,

Shikamoo.

Najua unajua kwamba nilikuja. Lakini hujui nilikuja lini, na nataka ujue, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mimi nina jambo ambalo wewe hulijui, na sitaiacha nafasi hiyo ipite.

Nilifika Ijumaa alfajiri. Sikuja kukuokoa, nisikudanganye. Nilikuja kukukamata. Nilijibanza nyuma ya jiko lako, kuku wako wakanitazama kwa dharau kama mwenye kuku. Ukatoka na gunia na ule upondo mrefu wenye mundu. Ukaenda kwenye mlimau, ukakata tawi lenye nyumba ya maji moto, likaanguka ndani ya gunia. Ukaja chini ya mnazi wangu ukalifunga tawi juu kadiri mkono ulivyofika. Walikuwa wakikung'ata mpaka shingoni, na ulikuwa ukitukana. Kibwana alisema unazungumza peke yako. Dada, hukuwa peke yako. Nilisikia jina langu katika kila tusi, na mengine sikuyajua, ingawa nakaa na madereva wa malori.

Nikaitazama kamba. Inatoka kwenye mnazi wako inakwenda kwenye wangu, na juu yake maji moto wanatembea kwa mstari, wanahamia kwangu. Nikaweka kidole ili nihakikishe. Nimehakikisha.

Tangu Aprili, basi! Uliniandikia ikauke, na siku ile ile mikono yako ilikuwa imevimba kwa ajili yake. Wewe ni mwongo, dada Esha, mwongo mkubwa, na mimi ni punda, na Mungu alimpa mama watoto hao wawili.

Lakini ngoja, sijamaliza. Ulipoingia ndani nilichuchumaa kwenye shina kutazama vile vichwa vyako vya samaki. Ulidhani unawapa chakula wageni wako. Havikuwa na maji moto hata mmoja. Vilijaa sisimizi weusi, wale wadogo wa chini wenye vichwa vikubwa, na kila maji moto aliyeteremka wakamrukia, wakamkata vipande. Nimehesabu maiti nikachoka. Wewe uliyeniandikia kwamba hata paka hunusa kwanza, umekaa miezi unawalisha maadui kwa samaki wa kununua! Ndiyo maana vidaka vyangu havikuacha kuanguka. Uliona chungu wanakula, ukasema chungu ni chungu. Neno hilo nililisikia wapi? Acha samaki. Maji ya moto kwenye mashimo ya sisimizi, na kamba ziwe juu.

Ya msikitini uliyaona mwenyewe kutoka upande wa wanawake, ila sikupata kukueleza. Kibwana alipomaliza ushahidi wake, wazee wakatazamana, na nikaona macho ya vijana walioegemea ukuta. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kama ningesema kwa mdomo tu wangesema ndugu humtetea ndugu. Kwa hiyo nilikuwa nimekuja na gunia lako la alfajiri, uliloliacha chini ya mnazi likiwa bado na maji moto tele ndani. Nikalifungua juu ya mkeka, mbele ya Kibwana, nikasema, "Hili hapa ndilo jini la dada yangu. Mwulizeni."

Sikuwahi kuona wazee wakipandisha kanzu upesi namna ile. Kibwana alipita dirishani.

Yaliyobaki niliyasema kwa sauti, na sauti yangu unaijua. Kwamba aliyeiua minazi ni mimi, kwa pampu yangu. Kwamba dada yangu anaiponya alfajiri kwa sababu maji moto hukusanyika nyumbani kukiwa na baridi, na kwa sababu anaona haya kuonekana akinitendea wema. Kwamba atakayetupa jiwe tena juu ya bati lile atalitupa juu ya bati la mama yangu.

Nikaondoka bila kukuaga, kwa heshima ya kiapo chako. Lakini neno moja linanikera tangu Ijumaa. Nilipoinuka kusema ulikuwa na nafasi ya kuziba masikio. Nilikutazama kupitia pazia. Hukuziba.

Mdogo wako,
Swabir


Bodo,
8 Julai 2024

Kwa ndugu yangu Swabir,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sikuziba masikio kwa sababu mikono ilikuwa imevimba kwa ajili ya minazi yako, vidole havikukunjika. Usijenge nyumba juu ya jambo hilo.

Sauti yako nimeisikia. Ni mbaya kama ilivyokuwa. Unapiga kelele kama mtu anayeuza tairi, na ndani ya msikiti tena. Imamu amenieleza kwamba katika miaka yake yote hajaona mtu akileta chungu kwenye mkeka wa sala, na akasema hivyo huku akijikuna.

Kuhusu samaki, nimeacha. Usiongeze neno. Sisimizi nimewamwagia maji ya moto mashimoni kama ulivyosema, na nimelifanya kwa kuwa nilikuwa tayari nimelifikiria.

Twaiba amerudi. Amechukua vitumbua mara mbili ya kawaida, hakutaja leso na mimi sikuitaja, ila nimempa vilivyoungua. Kibwana hapiti tena karibu na ua. Anasema anaogopa chungu. Na aogope.

Vidaka vyako bado vinaanguka, usidhani muujiza. Lakini jana nilitazama juu ya mnazi wako wa karibu na kisima, ule ambao mama alikupandisha mabegani kuugusa, nikaona kuti moja limekunjwa na kushonwa kwa nyuzi nyeupe. Wamehamia. Nilikaa chini pale pale nikalia, kisha mmoja akaniangukia shingoni, nikaondoka.

Sasa lililobaki ni lako na langu. Nimevunja kiapo nilichoapa kwa jina la Mungu, nimekivunja nikijua, na imamu amesema kafara yake ni kulisha masikini kumi. Nitapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nazi zitatoka kwenye minazi yangu, kwa kuwa yako haina.

Nimezunguka Bodo nzima na nimepata tisa. Imamu ameniuliza kama nina hakika na wa kumi, maana lazima awe masikini kweli, si mtu wa duka. Nikamwambia ni mtu mwenye minazi isiyo na nazi hata moja, aliyeuza akili yake kwa pampu, asiye na mama, na mwenye dada mmoja tu duniani naye alikuwa hasemi naye. Imamu akasema huyo anafaa.

Njoo Ijumaa. Sema ukifika, kiapo hakivunjiki mara mbili.

Dada yako,
Esha